Mhandisi Aliyebeba Kiti: Risala ya Abiria wa Kituo cha Cupa Ginestra

Mgeni rasmi, Mhandisi Lamberto Zanchi, Mkuu wa Ratiba za Treni za Vitongoji. Mheshimiwa Meya wetu. Padri wetu mpendwa. Abiria wenzetu, na nyinyi mliokuja kwa ajili ya keki peke yake:

KARIBU

Mgeni rasmi, tulikungoja saa nne kamili. Umeshuka kwenye treni saa nne na dakika arobaini, tai imepinda, koti limekunjamana, na ulikuwa umesimama safari nzima kutoka Napoli. Hatuna maneno ya kukueleza furaha tuliyoipata. Wakubwa wengine huja hapa kwa gari jeusi, hushuka wakiwa wananukia vizuri, na kutuambia wanaelewa shida zetu. Wewe umechelewa kama sisi. Karibu sana Cupa Ginestra, jisikie nyumbani.

Risala hii inasomwa na Mwalimu Teodora Iervolino kwa niaba ya abiria wote wa treni ya saa kumi na mbili na dakika kumi na nane asubuhi. Aliyestahili kuisoma ni Bi Ermelinda Cacciapuoti. Tulimwomba, tukambembeleza, akakataa. Alisema, "Mkinipa kipaza sauti sitasoma, nitaongea." Sisi tunaomjua tukaona bora tusibishane. Ameketi mstari wa pili, amevaa koti la kijani, na tayari amekwisha kutukodolea macho tuharakishe.

HISTORIA FUPI YA KITUO

Kituo chetu kilijengwa na babu wa babu zetu ili aprikoti na divai za Mlima huu ulio nyuma yetu zifike mjini zikiwa bado nzima. Kilikuwa na dirisha la tiketi, mkuu wa kituo aliyepanda mirehani kwenye makopo ya nyanya, na mabenchi mawili ya mbao. Dirisha lilifungwa. Mkuu wa kituo alistaafu, na mirehani yake ikanyauka mwezi uleule. Mabenchi yalichukuliwa miaka sita iliyopita yakatengenezwe. Mpaka leo hatujui yanatengenezewa wapi.

Mahali pake tuliletewa lango la kisasa linalohesabu abiria kila mtu anapogusa kadi yake. Lilifanya kazi vizuri sana mpaka majira ya baridi ya pili, likakwama likiwa wazi. Tangu hapo tulilipita kama mtu anavyopita mlango wa zizi. Tulikuwa na kadi zetu za mwezi mfukoni, hakuna aliyesafiri bure, ila hatukuona sababu ya kusimama kugusa kitu kilichokufa. Hatukujua kwamba hakikuwa kimekufa kabisa. Kilikuwa kimeacha kufunga, lakini kuhesabu kilikuwa bado kinahesabu.

MKASA WENYEWE

Mgeni rasmi, kawaida sehemu hii huitwa "Changamoto". Tulipoiandika hivyo Bi Ermelinda alisema, "Changamoto ni neno la watu wenye gari. Andikeni yaliyotokea." Kwa hiyo tunaandika yaliyotokea. Sehemu moja unaijua kwa kuwa ulikuwemo. Nyingine hukuiona, na yeye ametusimulia mwenyewe, mara nyingi kuliko tulivyomwomba.

Mwezi Mei mwaka jana tulikuta karatasi ukutani: kuanzia tarehe mosi Septemba treni hazitasimama tena Cupa Ginestra, kwa sababu ya uchache wa abiria. Tulikuwa watu tele pale jukwaani, tumesongamana kuisoma karatasi inayosema sisi ni wachache. Liborio, mwenye baa ya hapa kituoni, aliisoma kwa sauti mara mbili, kisha akauliza, "Sasa hawa ninaowauzia kahawa kila asubuhi ni mizimu?"

Tuliandika barua tatu. Hazikujibiwa.

Bi Ermelinda hupiga pasi mashuka na makoti ya madaktari katika hospitali kubwa mjini, mwaka wa thelathini na moja sasa. Hana gari, na hajui kuendesha. Kituo kinachofuata kiko kilomita saba kutoka hapa, na basi la kwanza huondoka saa moja, wakati yeye anapaswa kuwa mbele ya pasi saa moja na robo. Dada yake mjini alimwambia, "Njoo ulale kwangu, nitakutandikia jikoni." Alifikiria. Akaangalia roshani yake, mashada ya nyanya yaliyoning'inia, na Mlima nyuma yake. Alituambia kwamba usiku wa siku ile hakulia, bali aliosha sakafu ya nyumba nzima, hata chini ya kabati. Kwa Bi Ermelinda, hiyo imezidi kulia.

Kisha ikaja Alhamisi moja ya mwezi Juni. Treni yetu ilijaa. Don Aristide, fundi saa mstaafu, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, alipanda na kiti chake cha jikoni, kile kilichosukwa kwa majani makavu. Huja nacho kila mara kwa sababu jukwaani hapana pa kukaa, na akipanda hukaa juu yake katikati ya behewa kama mfalme. Mara tatu kwa wiki huenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Mashine huanza saa mbili. Akichelewa sana, nafasi yake hupewa mwingine, naye hurudi nyumbani amevimba miguu.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini treni ilisimama katikati ya mashamba. Umeme ulikatika. Madirisha yale hayafunguki. Tulikaa robo saa, nusu saa, dakika arobaini na tano. Kondakta alipita akisema, "Muda si mrefu," mpaka akaona haya akaacha. Don Aristide alikuwa kimya, na Don Aristide huwa hanyamazi.

Bi Ermelinda akatazama saa, akamtazama mzee, akasimama.

"Kondakta, mwanangu, kivuko cha reli kiko wapi?"

"Mbele kidogo, mama. Kama mita mia nne. Lakini hairuhusiwi kushuka."

"Basi piga simu uombe ruhusa. Mimi naanza kuvua viatu."

Ruhusa ilipatikana, maana nyaya zote zilikuwa zimezimwa. Mwalimu Teodora akashika mguu mmoja wa kiti, kondakta wa pili, Bi Ermelinda wa tatu. Ulibaki wa nne. Kando ya mlango alikuwa amekaa bwana mmoja tusiyemjua, amevaa tai, ana bahasha mapajani. Alikuwa amepanda kule mwanzo wa reli.

"Wewe mwenye tai," Bi Ermelinda akasema, "mbona umekaa kama picha ya marehemu? Njoo ushike huku."

"Samahani, mama. Nina mkutano saa tatu."

"Na huyu ana mashine saa mbili. Mkutano utaanza bila wewe. Mashine haiwezi kuanza bila yeye."

Mgeni rasmi, ulisimama. Hilo hatutalisahau. Uliweka bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti, ukashika mguu wa nne, tukashuka.

Tunaomba radhi kwa yaliyofuata. Mita mia nne juu ya kokoto ni ndefu, na Bi Ermelinda huongea akichoka. Alisema mikono yako ni laini kama jibini jipya. Aliitambua lafudhi yako, akauliza kama huko kwenu Bergamo, kaskazini, watu hubebana au huachana njiani. Alisema wanaopanga ratiba za treni wanastahili kufungiwa humo siku ya jua kali pamoja na mama wakwe zao. Na Don Aristide, kwa kuwa alikuwa anapata hewa sasa, akarudi kuwa yeye: "Kijana, inua upande wako! Nateremka kama kabati linalohamishwa!" Wewe ulisema mara moja tu, huku unatweta, "Mama, pengine wanaopanga hawajui." Naye akakujibu, "Basi wapande. Mbona sisi tunapanda?"

Kivukoni tulimkuta mkulima mmoja na pikipiki yake ya magurudumu matatu, imejaa makreti ya aprikoti. Hakuuliza maswali. Alishusha makreti yote kando ya barabara, tukapandisha kiti na mzee juu yake, na Bi Ermelinda akapanda kumshikilia.

"Upepo utamwingia mgongoni," akasema. "Wewe mwenye tai, lete hilo koti."

Ukalivua. Mkulima naye akakuachia kazi: "Bwana, nilindie makreti yangu, narudi sasa hivi." Hiyo sasa hivi yake ilichukua muda wa saa moja na nusu. Ulikaa juu ya kreti, bila koti, viatu vyeupe kwa vumbi, na abiria wote wa Cupa Ginestra walioamua kufuata nyayo zetu wakapita mbele yako mmoja mmoja kwenda kutafuta basi. Kila aliyepita alikusalimu. Wawili waliuliza kama aprikoti ni tamu.

Don Aristide alifika saa mbili na dakika kumi na tano. Muuguzi alikuwa bado amemshikia nafasi.

Yaliyobaki hukuyaona, mgeni rasmi. Bi Ermelinda aliingia kazini amechelewa saa nzima, koti lako mkononi. Lilikuwa na vumbi, jasho na majani makavu, akaona haya kulirudisha hivyo. Mpiga pasi yeyote, kabla ya kugusa nguo, hupekua mifuko kwanza, kwa sababu kalamu moja huharibu mashuka arobaini. Akapekua. Akatoa bahasha. Nje iliandikwa jina lako na cheo chako.

Alikaa chini, kwenye kikapu cha taulo.

Bahasha ilikuwa wazi, na karatasi ya juu ilikuwa orodha ya vituo. Alikiona chetu kimepigwa mstari mwekundu. Kando yake: abiria kumi na mmoja kwa siku. Kumi na mmoja! Ametuambia jambo la kwanza lililomjia halikuwa hasira, bali hofu. Alikumbuka jibini. Alikumbuka mama wakwe. Akasema moyoni, "Ermelinda, mdomo wako umefunga kituo."

Wiki nzima alipanda behewa la mwisho, akijificha nyuma yetu. Hakumwambia mtu. Alipofika kwa Liborio hakuagiza kahawa, na Liborio akamwuliza, "Umeokoka au unaumwa?" Ndipo akaeleza yote. Kisha Don Aristide, juu ya kiti chake, akasema, "Mimi nasafiri siku tatu kwa wiki, na lile lango halijawahi kunihesabu. Nani hugusa kadi pale?" Tukaulizana. Mikono iliyoinuka tuliihesabu: kumi na mmoja. Wote walikuwa wageni wa mji huu, au watu wenye adabu kupita kiasi.

Siku yake ya mapumziko Bi Ermelinda alivaa nguo za harusi za watu wengine, yaani zile anazovaa akialikwa harusini, akapanda mpaka ghorofa ya nne ya ofisi yako na koti limening'inia kwenye hanga, bahasha imerudishwa mfukoni. Alilipiga pasi kama koti la daktari mkuu, mikono bila mkunjo. Alitetemeka kwenye ngazi, kisha akaona kutetemeka kutalikunja koti, akaacha.

Ulimfungulia mlango mwenyewe.

"Mama! Umekuja kunitukana tena?"

"Nimekuja kukuletea koti. Kutukana nitaanza ukishalivaa."

Ukacheka. Ukalivaa. Naye akaomba msamaha kwa jibini, hakuomba kwa mama wakwe, akakueleza habari ya lango. Hukumkatiza. Alipomaliza ulisema, "Pale kwenye makreti sikuwa na kazi, nikahesabu wanaopita na kuwauliza wamepandia wapi. Wa Cupa Ginestra walikuwa sitini na tatu, kwa treni moja. Nilidhani jua limenipiga."

"Na ile orodha ulikuwa uitie saini ya mwisho lini?"

"Siku ileile. Kwenye ule mkutano."

Bi Ermelinda anasema alitamani kukukumbatia, lakini angelikunja koti.

MAFANIKIO

Mwezi Julai ulikuja hapa siku sita mfululizo, ukasimama karibu na mlango wa baa ukahesabu kwa kalamu na daftari. Ulituomba tujifanye hatukuoni. Tulijitahidi. Liborio alimletea kahawa "yule bwana asiyeonekana", na bibi mmoja alipita mara mbili ili akusaidie, ukamfuta. Hesabu ilifika mia mbili na sita kwa siku, bila yule bibi.

Ukaifuta karatasi ya ukutani. Ukatupa mwaka mmoja wa majaribio, mpaka mwisho wa Agosti ijayo. Lango limetengenezwa, linafunga na kufungua, na sasa hata mbwa wa Liborio analiogopa. Barua zetu tatu umezijibu, zote siku moja, kwa kuomba radhi kila moja peke yake. Na leo umekuja kuzindua mabenchi mawili ya mbao na paa la kutukinga na mvua. Tunashukuru kwa mioyo yetu yote. Don Aristide ameyajaribu mabenchi asubuhi hii, anasema yana baridi, na ataendelea na kiti chake. Asikuvunje moyo. Anajisikia vizuri, ndiyo maana analalamika.

MAOMBI

Mgeni rasmi, maombi yetu si mengi. Madirisha ya treni yafunguke. Kondakta akijua sababu ya kusimama, atuambie. Akiwa hajui, atuambie hajui, tutamwonea huruma. Na neno "majaribio" liondolewe kwenye ratiba yetu. Treni isimame Cupa Ginestra mwaka huu na miaka ijayo. Inahitaji dakika moja tu. Tumepima.

Hatuombi ufanye hivyo kwa sababu tulibebana, wala kwa sababu ya pasi nzuri. Ofisini kwako utakaa miaka michache, kisha atakuja mwingine asiyemjua Don Aristide. Tunataka naye akute karatasi yenye namba sahihi na saini yako chini yake.

Ombi la mwisho ni la Bi Ermelinda. Alituagiza tuliandike kama alivyolisema, bila kulipiga pasi. Tunalisoma:

"Mwambieni mhandisi kwamba mimi namaliza kazi tarehe ishirini na nane mwezi ujao. Asije akafikiri nampigania Ermelinda. Kuanzia Machi sina haja ya treni ya alfajiri, nitalala mpaka saa mbili kama mke wa waziri. Lakini miaka thelathini na moja nimeijua sauti yake inavyobadilika pale kwenye kona, inapoanza kushika breki kwa ajili yetu. Nataka nikiwa kitandani, macho nimefumba, niisikie ikipunguza mwendo. Hapo nitajua mwalimu ameenda shule, mzee ameenda kwenye mashine, na wasichana wa kiwandani wanapaka rangi ya midomo kwenye kioo cha dirisha. Nitageukia upande wa pili nilale. Ikipita bila kupunguza, nitaamka. Na mhandisi anajua nikiamka ninavyokuwa."

Mgeni rasmi, tunaona unafuta miwani. Tutakupa muda.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na mama yako kule Bergamo, ambaye tumesikia hapendi uishi kusini. Mwambie unakula vizuri. Mtakatifu wetu ailinde reli hii na wote walio juu yake, waliokaa na waliosimama. Karatasi na kalamu viko mezani, karibu na keki.

Ni sisi,
Abiria wa Treni ya Saa Kumi na Mbili na Dakika Kumi na Nane,
Kituo cha Cupa Ginestra,
watu mia mbili na sita kwa siku.